Upepo Uliozuia Meli

Lemuy, 29 Mei 1966

Dada Otilia,

Huku mvua. Naandika hivyo kwa sababu barua lazima ianzie mahali, si kwa sababu ni habari. Ilianza sikukuu ya Msalaba na tangu hapo haijapumzika hata kula. Paa linavuja palepale lilipovuja tulipokuwa wadogo, na nimekinga sufuria ileile. Viazi viko darini salama, wasichana wana mafua, mimi sijambo kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo akiwa na jiko linalofuka moshi na mume asiyeonekana.

Hilo la mume ndilo hasa. Jumanne tulikuwa kwa Mama Hortensia, mwenye redio, saa ile ya matangazo. Nyumba imejaa, watu wanachambua sufu, mara nasikia: "Belarmino Chiguay, aliyeko Punta Arenas, anamjulisha mkewe Edelmira Mansilla, kisiwani Lemuy, kwamba upepo mkali umezuia meli. Atakaa kwa shemeji yake Otilia. Ni mzima. Atakuja utakapotulia."

"Upepo!" akasema Mama Hortensia. "Mwezi wa tano, mwanangu, ulitaka nini?"

Wote wakatikisa vichwa. Nani asiyejua upepo wa kaskazini unavyovuma wakati wa baridi? Hata nguruwe wangu anajua, hulala kauelekezea makalio. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Aliyeguna ni Eleuterio peke yake, yule mwenye mguu mfupi niliyempa jina la Saa Mbovu, kwa kuwa anatembea tik, halafu unasubiri sana kupata tak. Kisiwa kizima sasa kinamwita hivyo, na wanawe wanaitwa Dakika. Akasema, "Mwezi mzima upepo?" Nikamwambia yeye ashughulike na majira yake.

Basi yuko kwako. Nakushukuru. Nawapa mabaharia jozi mbili za soksi zake. Asikae karibu mno na jiko, hupata kikohozi. Na usimdekeze, dada: mwanamume akidekezwa miezi miwili, kumrudisha kunachukua miaka miwili.

Wako,
Edelmira


Punta Arenas, 15 Juni 1966

Mdogo wangu Mira,

Nyinyi huko mvua mnaiita baridi. Mvua ni maji tu, mwanakwetu. Njoo huku uone baridi inayojiheshimu.

Jua linafika kazini karibu saa nne asubuhi na saa kumi jioni limeshaondoka, kama karani wa serikali. Theluji ya kwanza kubwa imeanguka tarehe mbili, hadi magotini. Na kimya! Watu wa kisiwani huwa hawaniamini nikiwaambia, wanadhani baridi na upepo ni mtu na mkewe. Upepo wa huku ni wa kiangazi. Desemba unakunyang'anya kofia, kikapu na heshima. Baridi ikiingia, unalala. Sasa moshi unapanda juu umenyooka kama uzi wa sufu, na bahari ya mlango-bahari imetulia kama sahani. Mashati niliyoanika Jumatatu yaligandia kambani, nikayaingiza ndani moja moja chini ya kwapa kama mbao. Shemeji alicheka mpaka akashika ubavu.

Hajambo. Anakula. Hukaa dirishani na kuwasimulia wapangaji wangu habari za kisiwani, na huwezi kuamini yale mavumbi ya kwetu yanavyong'aa yakitoka kinywani mwake. Tangu marehemu mume wangu Ruperto azikwe, nyumba hii haikuzoea kicheko. Hata paka alishtuka siku za kwanza.

Soksi zimefika. Katika kila jozi moja ilikuwa ndefu mbele, nikaifumua na kuifuma upya. Ya pili inamkaa sawa.

Wasalimie wasichana.

Dada yako,
Otilia


Lemuy, 4 Julai 1966

Otilia,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mimi ni mtu wa darasa la pili na magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia baridi, na ukutani mtu hujifunza kusoma polepole.

Moshi kama uzi. Bahari kama sahani. Basi nieleze, wewe uliyekaa mjini miaka ishirini: meli imezuiwa na nini? Na sahani?

Maana nyingine imekuja. Imefika bandarini Castro wiki iliyopita na kuwashusha akina Barría wote watatu, waliokwenda naye kwenye kazi ya kondoo, wamenenepa. Nikawauliza, "Upepo ulikuwaje?" Mkubwa akasema, "Upepo gani?" Mdogo akamkanyaga. Halafu wote watatu wakaanza kutazama mashua yao kana kwamba walikuwa hawajawahi kuiona.

Kwa hiyo upepo haupo. Kilichopo ni mume wangu dirishani kwako, anashika ubavu kwa kucheka. Hapa huwa anacheka mara moja kwa mwaka, tukishachimba viazi.

Na soksi. Miguu ile nimeifumia soksi miaka kumi na minane, huku nazungumza na watu, bila kuipima. Mguu wa mtu mzima haufupiki, Otilia. Ukiona mwanamke anafumua kazi ya mwanamke mwenzake, si soksi anayoitafuta.

Nakujua tangu zamani. Mama alitulea pamoja, akatulaza chini ya ngozi moja ya kondoo. Wewe upande wa jiko, mimi upande wa ukuta, kila baridi, kwa kuwa ulisema una kifua. Hicho kifua kimepona lini? Na ile sikukuu ya Mtakatifu Petro, mvua inamwagika, sakafu ya shule imejaa matope, ni wewe uliyecheza na Belarmino kwanza. Ngoma tatu mfululizo. Mimi nimesimama nimekushikia shali. Siku nyingine nikiamka nadhani bado nimeishika.

Nilipanda mashua hadi Castro nikapeleka telegramu kwa redio ileile ya huko kwenu. Mtanisikia kabla ya barua hii.

Edelmira


Punta Arenas, 20 Julai 1966

Mira,

Tumekusikia. Jikoni, mchana, wapangaji sita mezani na supu imeshapakuliwa: "Edelmira Mansilla anamjulisha mumewe Belarmino kwamba huku nako upepo umevuma, umefungua mlango, na yeye haoni sababu ya kuufunga."

Wapangaji walicheka hadi supu ikapoa. "Shemeji, huyo mkeo au mahakama?" akauliza mmoja. Belarmino hakucheka. Alisukuma bakuli, na leo ni siku ya sita hajasimulia kitu.

Sijakuibia. Kuna neno la kusema lakini nimeapishwa juu ya picha ya marehemu mama yetu, na wewe unajua macho aliyopigia picha ile. Nimemwambia, "Mwandikie mwenyewe, la sivyo nitavunja kiapo na laana utaibeba wewe." Nimemwekea karatasi mezani. Inakaa pale siku tatu sasa, tunakula tukiizunguka.

Lakini wewe kunionea wivu mimi! Mimi nina nyumba ya mabati, ndoo ya makaa na mume ndani ya fremu. Wewe ikinyesha una mtu wa kumwambia "inanyesha", naye akujibu "nimeona", mkasirikiane. Huku theluji ikianguka namwambia paka.

Na upande wa jiko ulikuwa wako. Mimi ndiye niliyelala ukutani, na tone la dari lilikuwa likinidondokea sikioni, hili la kushoto ambalo mpaka leo halisikii vizuri. Uliza mtu yeyote aliye hai. Shali nilikupa kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Ulitakiwa uivae, si uishike.

Otilia


Punta Arenas, 26 Julai 1966

Mke wangu Edelmira,

Sijambo. Sina vidole vya mguu wa kulia.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kuanza tangu Mei, nikashindwa. Msimu wa kondoo ulikuwa umekwisha, mizigo nimefunga. Wenye shamba wakataka watu wanne wa kuteremsha kundi la mwisho kutoka mlimani. Theluji ilitukuta njiani siku mbili. Farasi aliteleza kijitoni, buti likaingia maji. Mguu haukuuma, ndiyo maana sikujua. Hospitali walivikata vyote vitano. Walifanya vizuri, sina lawama. Nilipotoka Otilia alinichukua, na kila siku ananisafisha kidonda. Ndiyo yote aliyonifanyia.

Utauliza kwa nini sikusema. Kitandani nilikuwa nafikiria njia ya kutoka gatini hadi nyumbani. Ufukwe wote ule, watu milangoni, na mwisho wa njia wewe. Jina ulilompa Eleuterio halijamtoka mpaka leo. Nilikuwa nakusikia ukinitafutia langu.

Nikatunga upepo. Nesi mmoja alinipelekea tangazo. Dirisha la wodi lilikuwa limezibwa na barafu, sikujua nje kumetulia. Nilidanganya kwa baridi ya kwetu, ndiyo ninayoijua.

Akina Barría niliwaomba wanyamaze. Otilia nilimwapisha. Usimgombeze.

Ukitaka nije, sema. Kama hutaki, sema pia. Lakini kwa barua, tafadhali, si kwa redio.

Mumeo,
Belarmino


Lemuy, 12 Agosti 1966

Dada Otilia,

Jumamosi tulichinja nguruwe. Unakumbuka desturi: mafuta yakishayeyushwa, kila jirani apelekewe bakuli lake, mbavu, nyama ya kukaanga na milkao, ile mikate yetu ya viazi, ikiwa moto. La Eleuterio huwa nampa msichana alipeleke. Safari hii nilipeleka mwenyewe, kwenye mvua.

"Habari za mchana, Don Eleuterio," nikasema.

Akaliweka bakuli chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi una nini? Miaka tisa hujaniita kwa jina."

"Nina mume asiye na vidole vya mguu."

Akafikiri. "Vingapi?"

"Vitano."

"Mguu mmoja?"

"Mmoja."

"Ah," akasema. "Basi atatembea vizuri kuliko mimi." Na nikaona usoni mwake kwamba naye kashikwa na wivu. Nikamwomba radhi. Akasema ameshalizoea jina, ila wanawe nisiwaguse tena. Nikaahidi.

Sasa wewe. Nakuomba radhi kwa redio, na kwa soksi. Kwa mengine bado najipima. Niliposoma kwamba kila siku unamsafisha kidonda, nilikwenda kukaa kwenye rundo la kuni. Ungekuwa umembusu, ningejua la kufanya. Kuna matusi yaliyokwisha kutungwa kwa ajili hiyo. Lakini kidonda kile kilikuwa changu, Otilia. Mwili ule nilikuwa naujua wote kama shamba langu, na sasa kuna mahali pake ambapo wewe unapajua na mimi sipajui.

Mpandishe meli ya kwanza. Mwambie aje na mguu wowote alio nao. Mwambie jina sijamtafutia. (Ni uongo. Nilipata matatu nikirudi kutoka kwa Eleuterio, yote mazuri, nikayameza.)

Edelmira


Punta Arenas, 3 Septemba 1966

Mira,

Ameondoka asubuhi ya leo. Theluji imekuwa tope, paa zote zinadondoka, na upepo umeamka, sasa upepo wa kweli, wa kung'oa mabati. Meli imeondoka nao bila shida yoyote. Dunia haina adabu.

Kidonda kimefunga. Hutumia fimbo akitembea mbali. Akitembea karibu husahau kwamba ana shida na huenda vizuri, kwa hiyo usimtazame miguu. Ncha ya mguu inauma hewa ikibadilika. Jioni mpe maji ya moto yenye chumvi.

Kuna jambo jingine na nitalisema mara moja tu. Juu yangu hukukosea. Ulikosea juu yake.

Ngoma tatu zile mimi nilizihesabu kuliko ulivyozihesabu wewe. Nikaja huku mwisho wa dunia nikaolewa na mtu mwema, nikadhani zimekwisha. Yeye hajui. Aliniita "dada" tangu siku aliyoingia hadi gatini leo, na kila alipolitamka nilisikia mlango ukifungwa taratibu, kwa adabu. Habari zake zote zilikuwa wewe. Edelmira alisema hivi, Edelmira angecheka hapa. Nimekujua upya, na si yote niliyoyapenda.

Sasa umejua. Ukitaka kunipa jina, nipe. Niko mbali, halitanifikia haraka.

Otilia


Lemuy, 9 Oktoba 1966

Dada,

Amefika. Nilimngoja gatini, sikumngoja mlangoni. Ufukwe mzima watu wametoka, hata Mama Hortensia na redio yake kwapani. Tulitembea pamoja bila mimi kusema neno. Taya iliniuma siku mbili.

Siku ya kwanza aliuficha mguu. Ya pili nilileta beseni, nikamwambia, "Toa." Akatoa. Nikauosha mwenyewe, nikachelewa makusudi. Sasa napajua.

Ulichoniandikia nimekisoma, na nilikuwa nakijua. Mtu hausifii moshi namna ile bila sababu. Jina sikupi. Nilijaribu, kila nililolipata lilinikaa mimi vilevile.

Nilidhani akirudi wivu utakwisha. Kumbe ulikuwa unasubiri alete mizigo. Kila alasiri majirani wanakuja kusikia habari za baridi yenu. Mashati mliyoyabeba kama mbao. Paka alivyoteleza juu ya pipa la barafu. Mpangaji aliyegandisha sharubu. Anacheka kabla hajafika penye kuchekesha, wasichana wanacheka, Eleuterio anataka arudie, na mimi nakoroga sufuria kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Siku ile, anasema, ile siku ya barafu rasini. Siku ipi?

Miaka kumi na minane, kila baridi anayoikumbuka mimi nimo, hata kama ni kwa kukohoa tu pembeni. Hii simo. Mume nimeweza kumrudisha. Miezi mitatu siwezi.

Kwa hiyo nakuomba, na unajua mimi si mwombaji. Niandikie baridi hiyo, siku kwa siku, tangu alipoingia mlangoni kwako hadi ulipomfikisha gatini. Alikaa wapi, mlikula nini, nje kulikuwaje. Nitaisoma polepole. Nataka aseme "siku ile", nami nimuulize, "Ile ya Jumanne?"

Edelmira


Punta Arenas, 6 Novemba 1966

Mira,

Nimenunua daftari, nalo naliambatanisha hapa. Imenichukua wiki tatu kuliandika, kwa kuwa mkono wangu si mwepesi na kwa kuwa kila ukurasa nilioandika niliusoma kwanza kabla ya kuuachia.

Utaona linaanza hivi: "Jumamosi, 28 Mei. Amekuja kwa gari la hospitali. Baridi kavu. Nimempa chumba cha mbele. Hakula. Ameuliza kama huko kwenu mvua imeanza, nikasema sijui, akasema, 'Imeanza.'" Na tarehe mbili Juni, theluji, na tarehe kumi na tatu, mashati, na paka yuko Juni ishirini na tisa, siku ya Mtakatifu Petro, ambayo yeye hakukumbuka kuwa ni siku gani na mimi sikumkumbusha. Siku za kuchosha nazo nimeziandika, ni nyingi, utafurahi. Tarehe ishirini na tano Julai amekaa na karatasi tangu asubuhi hadi taa zilipowashwa na ameandika "Mke wangu" tu. Ukisoma yote utaona kwamba uko katika kila ukurasa. Hiyo ndiyo sababu nimekubali kukupa.

Ila siku moja haimo. Jumapili, tarehe 17 Julai. Hapo nimeacha ukurasa mweupe. Usidhani nimesahau, na usidhani vibaya. Hakuna kilichotokea ambacho nisingekisimulia mbele ya padri na marehemu mama yetu wakiwa wamekaa pamoja. Ukimwuliza yeye atakwambia haikumbuki, na itakuwa kweli.

Wewe una miaka kumi na minane pamoja naye, mdogo wangu. Siku hiyo moja niachie.

Hewa ilikuwa nzuri.

Otilia